Usukani unalia? Acha pampu, fungua kifuniko kwanza

Usinunue hiyo pampu ya usukani. Nimesoma maelezo yako: usukani unalia "mwiiii" ukikata kona kuegesha, asubuhi ndiyo balaa, fundi kasema pampu imekufa na wewe hela umeshatenga. Simama hapo hapo. Uliuliza pia mafuta gani uweke, hilo nitalifikia; kile kinachogonga mbele ukipita kwenye matuta, na kama unaweza kusafiri nalo hivyo hivyo, tutayaongea siku nyingine. Pampu kwanza.

Hiyo filamu naijua, na stelingi nilikuwa mimi. Fundi wangu aliinama kwenye boneti, akasikiliza kidogo, akatoa hukumu: "Pampu hii, bosi." Hakufungua kifuniko cha kopo la mafuta ya usukani. Hakushika mpira hata mmoja. Pampu mpya ikafungwa, mafuta mapya yakajazwa, kelele ikapungua kwa muda, nikalipa huku natabasamu. Haikukaa, ikarudi. Nikarudi gereji, naambiwa pampu niliyoleta ni feki, nitafute orijino. Nikatafuta! Mtu mzima, mwenye familia, nikatoa hela tena. Na yenyewe ikalia wimbo ule ule. Sasa jamaa akahamia kwenye raki, ile mashine inayogeuza matairi ukikata usukani: "Bosi, raki nayo imechoka." Ashukuriwe Mungu mfuko ulikuwa umekauka, maana kwa mwendo ule tungefika mpaka kwenye taa za nyuma. Pampu mojawapo bado ninayo, inazuia mlango usibamizwe na upepo, na kwa kazi hiyo sina malalamiko nayo.

Sasa sikiliza inavyofanya kazi, maana huyo fundi wako hatakwambia. Pampu inanyonya mafuta kutoka kwenye kopo kupitia mpira mnene, inayasukuma kwenye raki kwa presha inayoweza kupita bar 70, kisha yanarudi kwenye kopo yakiwa na presha ndogo. Upande wa presha ukitoboka huulizi mtu, utaona mafuta chini. Upande wa kunyonya ndio mnafiki. Injini ikiwaka haumwagi mafuta nje, unavuta hewa ndani. Chini pakavu, kopo halipungui sana, na fundi anakuapia hakuna kinachovuja. Kumbe pampu inasaga mafuta yaliyochanganyika na hewa, na huo ndio mlio unaousikia. Asubuhi unazidi kwa sababu mafuta ya baridi ni mazito, pampu inalazimika kuvuta kwa nguvu zaidi. Na pampu mpya ukiifunga kwenye hali hiyo inaanza kujila ndani kwa ndani, maana mafuta yenye hewa hayalainishi. Yaani unanunua kitu kipya ukakiue.

Aliyenitoa gizani ni shemeji yangu, ambaye kazi yake ni pampu za maji za visima, magari hayajui. Akaniambia niwashe gari, akafungua kifuniko, akamulika na simu. Mafuta yaliyopaswa kuwa mekundu na maangavu yalikuwa ya pinki, yana povu kama maji ya kufulia. Akauliza, "Shemeji, huoni inavuta hewa?" Akachovya kidole kwenye mafuta, akapaka pale mpira wa kunyonya unapoingia kwenye pampu. Mlio ukakatika. Tukaona mafuta yale yakimezwa taratibu kwenye kiungio, na yalipokwisha, "mwiiii" ikarudi. Kilichohitajika ni oringi moja, kile kipete cha mpira cha kuziba kiungio, na klipu mpya. Oringi yenyewe ukiidondosha kwenye changarawe usijisumbue kuitafuta.

Kwa hiyo kwangu mimi sheria ni moja: hakuna anayetamka neno pampu kabla kifuniko hakijafunguliwa. Washa gari, mtu akate usukani kulia na kushoto, wewe angalia kopo. (Kama gari halina kopo, usukani wako ni wa umeme na haya yote hayakuhusu.) Ukiona povu au vipovu vinapanda, fuata mpira wa kunyonya kuanzia kwenye kopo mpaka kwenye pampu: klipu, nyufa, oringi. Paka mafuta kwenye kila kiungio usikie kama mlio unabadilika, ila mikono na mikono ya shati iwe mbali na mkanda unaozunguka. Kama hakuna povu, angalia chujio chini ya kopo, likiziba pampu inakosa mafuta na inalia vile vile. Makopo mengi chujio halitoki, unabadilisha kopo zima, na bado ni nafuu mno kuliko pampu.

Mafuta: soma kwenye kifuniko au kitabu cha gari, uweke hayo hayo. Mengine ni ATF (mafuta ya gia za otomatiki), mengine yana aina yake maalumu, na ukikosea unaharibu sili, ile mipira inayozuia mafuta yasivuje. Usimsikilize anayekwambia mafuta ni mafuta.

Ukishaziba hewa, toa iliyobaki. Inua matairi ya mbele, gari likae juu ya stendi za chuma za kulishikilia, usitegemee jeki peke yake. Injini ikiwa imezimwa, zungusha usukani taratibu mwisho hadi mwisho, mara 20 hivi, huku mwenzako anaongeza mafuta yakishuka. Ndipo uwashe na kurudia. Usiushikilie ukiwa umefika mwisho, presha inapanda na pampu inachemka. Hapa ndipo yule fundi wangu alipomalizia kunikera: alijaza, akawasha, akakata usukani mpaka mwisho na kuuganda hapo, akasema "hewa itajitoa yenyewe."

Haya, nenda kafungue kifuniko. Piga picha injini ikiwaka, ilete hapa tuone rangi ya mafuta. Na huyo muuza pampu akikupigia simu, mwambie uko msibani.