Kwa mwaka wa kwanza wenye aibu mnaopita mbele ya mlango bila kugonga

Nimeanza kuwatambua kwa viatu. Mlango wa ofisi yetu una uwazi chini, na saa za kuonana na wanafunzi zikifika naona jozi ya viatu inakuja, inasimama, inageuka, inaondoka. Baada ya muda jozi ileile inarudi. Nikifungua, mwenye viatu anasema, "Samahani mwalimu, nilikuwa napita tu." Korido yetu inaishia hapohapo. Ukipita mlango wetu umefika ukutani.

Mnanitia huruma na mnanichosha kwa wakati mmoja, maana najua mlichokuja nacho: swali la mstari mmoja ambalo lingejibiwa hata bila kukaa kitini, na ambalo mkirudi nalo hosteli mtalikuta mwisho wa muhula limekuwa sapu, yaani mtihani wa kurudia somo. Nafundisha semina za mwaka wa kwanza sasa. Nilipokuwa kwenye viti mnavyokalia ninyi, mahudhurio yakiitwa nilijibu "nipo" kwa sauti isiyofika mbele, nikaandikwa sipo.

Sitawaambia mchangamke. Mmeambiwa hivyo tangu utotoni na sijamwona mtu aliyechangamka kwa kuamriwa. Wala aibu peke yake haimwondoi mtu chuoni. Mwanasaikolojia Philip Zimbardo alipoanza kuwauliza Wamarekani kuhusu aibu miaka ya 1970, karibu 40% walijitaja kuwa watu wa aibu. Tukilipeleka kadirio hilo kwenye ukumbi wa watu 300, wenzako wanaonyamaza kama wewe wanazidi mia. Wengi wao wanafaulu. Wanaoanguka, kwa ninavyowaona mimi kila mwaka, ni wale wanaochelewesha.

1. Uliza wakati kila mtu bado ni mgeni.

Wiki mbili za mwanzo hakuna anayejua venyu iko wapi, ratiba ipi ndiyo sahihi, kiongozi wa darasa ni nani. "Hii ndiyo semina ya kundi B?" ni swali ambalo siku hizo linaulizwa na kila mtu, na anayeliuliza anaondoka na jina la mtu mmoja. Likiulizwa wiki ya nane kila mtu anageuka. Mwenye aibu hupenda kusubiri kwanza "nizoee mazingira", halafu anazoea mazingira vizuri kabisa huku watu wameshajigawa makundi. Wewe uliye na aibu ndiye unayehitaji kuwahi kuliko wote, kwa sababu siku zile kuuliza ni rahisi na baadaye kutakuwa kugumu.

2. Chagua kiti na usikihame.

Hili ndilo nalipenda kuliko yote, kwa sababu halihitaji kusema neno. Mwaka 1992 wanasaikolojia Richard Moreland na Scott Beach walichapisha jaribio walilofanya kwenye darasa kubwa la chuo. Wanawake wanne wanaofanana kwa mwonekano walihusika: mmoja hakuingia kabisa, mwingine aliingia mara 5, mwingine 10, mwingine 15. Waliingia, wakakaa, wakatoka. Hawakuzungumza na mtu. Mwishoni wanafunzi walioneshwa picha zao, na aliyehudhuria zaidi ndiye aliyependwa zaidi. Kuonekana tu kunafanya kazi wakati wewe umenyamaza.

Nilikuwa na kijana kwenye semina aliyekaa safu ya pili, pembeni ukutani, muhula mzima, na sauti yake niliisikia mara chache sana. Siku asipokuja wenzake waliniuliza yuko wapi kabla sijafungua daftari la mahudhurio. Walimtunzia kiti. Walimwekea handauti. Angekuwa anahamahama kule nyuma, leo karibu na nguzo, kesho karibu na mlango, asingeulizwa na mtu.

3. Jambo likikaa vibaya kwenye alama zako, lifuate siku hiyohiyo.

Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka wangu wa kwanza nilifanya jaribio la kwanza la takwimu, somo lenye watu wengi kuliko viti. Nilikuwa nimelipigia msuli, nimelisoma kwa bidii, nikatoka nikijua nimefanya vizuri. Alama zilipobandikwa, mbele ya namba yangu palikuwa na kistari. Wiki hiyo mhadhiri akaingia kipindini, akainua karatasi moja juu, akasema, "Hii haina jina wala namba ya usajili. Mwenyewe aje aichukue."

Nilijua ni yangu. Nilitakiwa nisimame, niwaombe watu wa safu nzima wakunje magoti nipite, nishuke ngazi hadi mbele ukumbi wote ukinitazama, niseme karibu na kipaza sauti kwamba mimi ndiye niliyesahau. Nilibaki nimekaa. Nikajiambia kipindi kikiisha nitamfuata. Kipindi kikaisha, vipanga wa mbele, wale hodari wa darasa, wakamzunguka kwa maswali yao, nikajiambia kesho nitakwenda ofisini.

Kesho nilikwenda, mlango ulikuwa umefungwa, na nilifurahi. Nawaomba muitazame furaha ile kwa makini, kwa sababu ndiyo iliyoniponza. Kila nilipokwepa nilipata nafuu papo hapo, mwili ukalegea, moyo ukatulia, na nafuu ile ikanifundisha kukwepa tena. Sikuwa mzembe. Nilikuwa najifunza kwa bidii kubwa jambo baya.

Wiki iliyofuata mzigo ukaongezeka. Mwanzoni nilikuwa na jambo moja la kueleza, kwamba nilisahau namba. Sasa nilikuwa na mawili: kusahau, na kutokuja mapema. Ilipofika katikati ya muhula, kuchelewa kwangu kulikuwa kugumu kueleza kuliko kosa lenyewe. Niliandika barua pepe ndefu ya kujieleza, nikairekebisha usiku kucha, nikaiacha kwenye rasimu. Mwenzangu wa chumbani akajitolea kunisindikiza. Nikamwambia nimeshalimaliza. Bado linaniuma kwamba nilimdanganya mtu aliyekuwa ananijali, ili tu nisitembee hadi jengo la pili.

Matokeo yakatoka na sapu. Wenzangu wakaenda likizo, mimi nikabaki kulisoma upya somo nililolijua, kwenye hosteli iliyokuwa tupu. Nyumbani nilisema chuo kimetupa kazi ya ziada.

Siku ya sapu msimamizi alikuwa mhadhiri yuleyule. Mwandiko wangu unalalia kushoto, unakumbukika. Alipofika kwangu kukusanya karatasi aliitazama, akanitazama mimi, akasema taratibu, "Kumbe ni wewe." Akanipeleka ofisini, akavuta droo, akaitoa. Juu yake palikuwa na alama ambayo ingenivusha bila shida yoyote. Ilikuwa pale muhula mzima.

"Kwa nini hukuja?"

"Niliogopa, Dokta."

"Ungekuja ukasema hivyohivyo. Kuogopa si kosa la nidhamu."

Hakunifokea, na ningependa angefoka. Matokeo ya muhula yalikuwa yameshapitishwa. Hakukuwa na la kufanya tena.

Ndiyo maana nikisimamia majaribio napita safu kwa safu nikirudia "namba, namba, namba" mpaka mnakunja nyuso. Kunjeni, lakini andikeni. Na mkiona kistari, sentensi ni hii: "Samahani Dokta, alama yangu haikuonekana kwenye matokeo, naomba uniangalizie." Isemeni kama ilivyo, bila utangulizi wa maisha yenu. Mkishindwa kuisema, iandikeni kwenye karatasi mkampe asome. Nimepewa karatasi za namna hiyo mara nyingi na zote nimezijibu.

4. Swali la semina liandike usiku uliotangulia, ulisome kutoka kwenye daftari, na uwe wa kwanza au wa pili kuuliza, kabla mapigo ya moyo hayajapata muda wa kupanda.

5. Pasti pepa (mitihani ya miaka iliyopita) na madesa (nakala za notsi) tafuta wiki ya tatu, usingoje ya kumi na tatu.

6. Kwenye kazi ya kikundi, jipe kipande kabla hujapewa.

Hapa hasira yangu iko karibu, nisameheni. Kila mwaka nasahihisha kazi za vikundi na kila mwaka aliyechapa, akapanga kurasa, akaweka marejeo, akaenda kuichapisha na kuibana ni yuleyule mkimya. Kikao cha kwanza kikundi kinagawana vipande kwa kasi, wenye sauti wanachukua uchambuzi na hitimisho, kisha mtu anasema, "Wewe utatupangia basi," naye anatikisa kichwa. Siku ya kuwasilisha anasimama pembeni akibonyeza slaidi. Nikimuuliza swali, kikundi kizima kinajibu kwa niaba yake, na mimi nabaki sina cha kumpa alama.

Huhitaji kubishana kikaoni. Mkishaunganishwa kwenye kundi la WhatsApp, kabla ya kikao, andika: "Mimi nitachukua swali la pili, nimeshaanza kulisoma." Wenye aibu wengi huandika vizuri kuliko wanavyozungumza, na ujumbe ulioandikwa haukatizwi na mtu. Nimeona hili likiwageuza watu. Siku ya kuwasilisha omba uanze wewe, maana kusubiri zamu huku mikono inatoka jasho ndiko kunakochosha kuliko kuongea kwenyewe.

7. Ukikwama mbele ya watu, walioliona ni wachache kuliko unavyodhani.

Mwanasaikolojia Thomas Gilovich na wenzake walichapisha mwaka 2000 majaribio waliyofanya na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell. Walimvisha mwanafunzi fulana yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, fulana ambayo kijana wa pale angeona haya kuivaa, wakamwingiza chumba chenye wenzake. Waliovaa walikadiria karibu nusu ya waliokuwemo wangemtambua mtu aliyeko kwenye picha. Waliomtambua kweli walikuwa kama robo.

Muhula uliopita binti mmoja alikwama katikati ya wasilisho, akanyamaza, akatafuta mstari wake, akaendelea. Baada ya kipindi alinifuata macho yamejaa machozi, akaniomba radhi kwa kuharibu. Wenzake wawili walikuwa wanatoka, nikawauliza wameonaje. Mmoja akasema sehemu yake ndiyo aliyoielewa. Mwingine akauliza kama slaidi zinapatikana. Kile kimya chake, ambacho yeye alikuwa amekibeba tangu mbele hadi mlangoni, hawakukitaja hata walipobanwa.

8. Ikiwa unatapika kabla ya semina, unashinda na njaa kwa kuogopa foleni, au umekosa mtihani kwa sababu uliogopa kuingia ukumbi ulioshajaa watu, hiyo imevuka aibu ya kawaida.

Hofu ya namna hiyo inajulikana, ina tiba, na tiba ya mazungumzo inayomzoesha mtu hatua kwa hatua inawasaidia wengi. Ofisi ya ushauri nasaha haikai pale kwa ajili ya waliofiwa peke yao. Barua pepe inatosha kuomba miadi. Tafadhali usingoje kusukumwa na matokeo.

9. Marafiki wanahitaji saa nyingi kuliko mnavyozipa.

Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas aliwafuatilia watu waliohamia mahali papya na wanafunzi wa mwaka wa kwanza, akachapisha mwaka 2018. Kutoka kufahamiana hadi urafiki wa kawaida aliona inachukua saa kama 50 za kuwa pamoja. Kufikia kuitana rafiki bila kusita, saa kama 90. Rafiki wa karibu, zaidi ya 200.

Kuna mwanafunzi alikuja wiki ya sita kuniambia anataka kuacha chuo kwa sababu kila mtu ana watu wake ila yeye. Nilimwomba tupige hesabu. Kuna mtu mmoja anayemtaja taja, wanakaa jirani kwenye semina. Semina ni saa moja kwa wiki, kwa hiyo walikuwa na saa 6, na nyingi kati ya hizo nilikuwa nazungumza mimi. Alikuwa anajihukumu kwa saa 6. Muhula wote wa wiki 15 ungewapa saa 15 tu, kwa hiyo hata angesubiri hadi mwisho hali ingebaki vilevile. Tukakubaliana amwombe jirani yake wapige msuli pamoja maktaba, saa mbili, mara mbili kwa wiki. Kusoma kunawafaa wenye aibu, kwa sababu mnaweza kunyamaza muda mrefu na bado saa zinahesabika. Alimwomba kwa ujumbe. Mimi ninyi wengine nawapa hesabu ileile: saa nne kwa wiki kwa wiki 15 ni saa 60, juu ya zile 15 za semina, na hamsini mnakuwa mmeshazivuka kabla ya wiki ya mitihani.