WIC na hofu ya karatasi: jibu kwa dada mwenye mimba ya miezi mitano

Dada, hongera kwa ujauzito. Umesema mumeo anafanya kazi ghalani, mna mtoto wa miaka 3, na shoga yako amekutisha kwamba ukichukua WIC, ule mpango wa serikali ya Marekani wa kuwapa chakula wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo, karatasi zako za ukaazi zitaota mbawa.

Naanza na hilo la karatasi, maana ndilo linalowafungia wengi ndani. WIC haiulizi uraia. Hata ile kanuni kali ya 2019, ya kupima kama mwombaji wa ukaazi atakuwa mzigo kwa serikali, haikuihesabu, na ya 2022 nayo haikuihesabu. Kama kesi yako ina mafundo, muulize mwanasheria wa uhamiaji. Si shoga yako, wala si mimi.

Kipato wanakiangalia kabla ya makato, kisizidi asilimia 185 ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu. Wengi hujitoa wenyewe hapa bila kupiga hesabu. Mtoto aliye tumboni anahesabiwa, kwa hiyo ninyi ni watu 4, na kiwango kinapanda. Kama una Medicaid, ile bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, upande wa kipato umeshapita.

Mimi niliingia 2019 na mimba ya kwanza, hapa Columbus, Ohio. Nilichelewa miezi kwa aibu tu. Kwetu msaada wa serikali ni wa mtu aliyeshindwa kabisa. Walinipima urefu na uzito, wakanitoboa kidole, wakakuta nina upungufu wa damu. Kumbe ndiyo maana ngazi tatu tu zilinifanya niheme!

Dukani, unakochukua chakula kwa kadi ya WIC, ndiko nilikotoka jasho. Nilibeba mkate wa ngano nzima, mzuri, mashine ikaukataa. Keshia akaniambia unaotakiwa ni wa aunsi 16, na rafu nzima ilikuwa imejaa ya 20 na 24. Foleni nyuma yangu inakohoa. Niliacha mkate nikaondoka na mayai, maziwa na maharage. Tangu siku ile sikanyagi dukani bila orodha ya vyakula vya jimbo langu, na napita asubuhi pakiwa patupu. Na ujue, kilichobaki kwenye kadi mwezi ukiisha kinapotea. Mimi nilipoteza siagi ya karanga mwezi mzima nikidhani naweka akiba.

Mwanao wa miaka 3 watampa maziwa yaliyopunguzwa mafuta. Usishangae, ni membamba kama maji ya kuoshea mchele. Yenye mafuta yote ni ya walio kati ya mwaka 1 na 2.

Kuhusu kunyonyesha, usidanganywe na wanaosema chukua maziwa ya kopo hata kama huyahitaji, utayauza. Kuyauza ni kosa, halafu unajipunja: anayenyonyesha bila kopo hupewa kapu kubwa zaidi lake mwenyewe, na huendelea mpaka mtoto atimize mwaka. Asiyenyonyesha huishia miezi 6. Mimi walinipa na mama wa kunifundisha, Mmeksiko mmoja mcheshi, tukaelewana kwa mikono zaidi ya maneno, na titi lililokuwa limevimba likapona.

Piga simu kwanza upewe miadi. Siku hiyo beba kitambulisho, bili yenye anwani na hati za mshahara wa mumeo, na umchukue huyo wa miaka 3. Naye ana haki yake mpaka atimize 5.