Saa za kazi: legezeni mwanzo na mwisho, shikeni katikati

Mfanyakazi anayetoka Mbagala au Kimara ili asaini daftari la mahudhurio saa mbili kamili asubuhi huamka alfajiri mno, na anapofika mezani tayari amechoshwa na kusimama kwenye daladala iliyokwama katika foleni. Nimesimamia kitengo cha uhasibu jijini Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, na ushauri wangu kwa kila msimamizi ni kwamba saa za kuingia na kutoka zilegezwe, lakini zile za katikati zishikwe bila kuyumba.

Sisi tulikubaliana kwamba mtu aingie wakati wowote kati ya saa moja na saa nne asubuhi, mradi kila mmoja awepo kuanzia saa nne hadi saa tisa alasiri, muda ambao ndio wa vikao, wa kuidhinisha malipo na wa kuulizana. Faida niliiona hasa katika usuluhisho wa benki, kazi inayodai utulivu mkubwa: aliyeingia saa moja aliweza kulinganisha taarifa ya benki na daftari la fedha, mstari kwa mstari, kabla simu hazijaanza kuita, na tofauti zilizokuwa zikitusumbua hadi katikati ya mwezi unaofuata zikawa zinapatikana mapema. Mwenzetu aliyekuwa akinyonyesha alichagua saa nne. (Muda wa kunyonyesha, hadi saa mbili kwa siku, ni haki yake kisheria, usichanganywe na mpango huu kana kwamba ni hisani.)

Utaratibu huu si mgeni. Ujerumani Magharibi ulianza mwaka 1967 katika kampuni moja ya kutengeneza ndege karibu na Munich, na sababu mojawapo ilikuwa hiyohiyo ya foleni.

Jambo linalonitia wasiwasi ni kwamba uhuru huu hugeuka upesi kuwa kazi isiyo na mwisho, pale aliyeingia saa moja asubuhi anapopigiwa simu jioni na mwenzake aliyeingia saa nne. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na 9 kwa siku, hivyo kila mtu aandike saa zake, na aliyetoka aachwe apumzike. Walinzi na watu wa mapokezi, ambao hawawezi kuchagua saa, waruhusiwe walau kubadilishana zamu kwa kutoa taarifa mapema, la sivyo manung'uniko yataanzia hapo.