Mpira wa kugema Kwale: mbegu, miche ya kubebesha na hiyo motomoto

Ndugu uliyeuliza kuhusu mbegu za mpira ulizoletewa na shemejio, na shamba la Kwale lililojaa motomoto, yale majani magumu yenye mizizi mirefu ya chini kwa chini: nilifanya kazi ya kitalu kwenye shamba la mpira Unguja kabla sijarudi Mombasa, kwa hivyo nakujibu kwa niliyoyashika.

Hakikisha kwanza ni mpira upi. Huku Pwani wengi wanauita mpira ule mti wa kisamvu, jamaa ya muhogo, wenye jani lililochanika kama vidole. Si wa kudharau; miaka ya 1930 watafiti wa Amani, Tanga, waliuchanganya na muhogo kutafuta mihogo inayohimili ugonjwa wa batobato. Lakini mpira wa kugema utomvu ni mwengine, una vijani vitatu kwenye kikonyo kimoja.

Ukiwa ndio huo, otesha haraka. Mbegu zake zikikaa wiki chache mfukoni nyingi zimeshakufa. Na zikiota, zifanye mashina ya kubebeshea tu, yaani ya kupachikia jicho la mti mwengine. Mti wa mbegu haumfuati mama: miwili ya tunda moja, mmoja utajaza kikombe cha utomvu, wa pili utakulia mbolea bure. Ndiyo maana mashamba hupanda aina zilizochaguliwa, kama RRIM 600 ya Malaysia au GT 1 ya Java, kwa kubebesha jicho.

Kazi yenyewe ni ya mkono mwepesi. Unafungua dirisha dogo kwenye ganda la shina, chini karibu na udongo, unapachika kiraka cha ganda chenye jicho la aina uliyochagua, unakaza kwa utepe wa plastiki. Kiraka kisiguswe kwa ndani, kikishikwa kimeharibika. Baada ya wiki tatu hivi fungua, kwaruza kidogo kwa kucha. Kijani, kimeshika, kahawia, geuza upande wa pili ujaribu tena. Kilichoshika, kata shina juu yake jicho lichipue.

Sasa motomoto. Kuifyeka ni kuinyoa tu, mizizi iko chini inakucheka, na jembe likiikatakata kila kipande kinachipua. Fyeka, iache irudi mpaka magotini ikiwa kijani kibichi, ndipo upige glaifoseti, dawa ya kuua magugu, na urudie inapochipua. Fanya hivyo KABLA ya kupanda. Mche ukishakuwa shambani, dawa isiguse ganda lake la kijani, linainywa. Mimi karibu na mche natumia mkono na jembe, pampu inabaki katikati ya mistari.

Pale katikati usiache udongo mtupu. Panda pueraria, mkunde unaotambaa: unafunika magugu na kurudisha naitrojeni. Ila huparamia miti, kwa hivyo kila mche uwe na kisahani safi cha mita moja kila upande. Kazi hii ni ya miaka minne mitano. Majani yakishakutana juu, kivuli kinamaliza mengi. Moto ndio wa kuogopa. Kiangazi cha Januari motomoto kavu ikishika, miche yote imekwenda.

La mvua sikufichi. Mombasa hupata milimita 1,000 na ushei kwa mwaka, na mpira unataka 1,500 kwenda juu. Anza na miche michache bondeni penye unyevu, usikate minazi. Na miche ya kubebesha ukitaka kuitoa Muheza au Unguja, chukua kwanza kibali cha KEPHIS, shirika la Kenya la ukaguzi wa afya ya mimea, la sivyo itabaki mpakani Lungalunga.