Mwanangu, jibu la lile swali lako la Mererani

Mwanangu, habari za huko Arusha. Sisi huku Moshi hatujambo, mama yako kaenda Kiboriloni sokoni tangu asubuhi na mdogo wako yuko shule, ndo nimepata nafasi ya kukaa na hii simu bila mtu kunichungulia begani. Meseji yako niliisoma usiku nikaisoma tena alfajiri, na kama umeona kimya siku mbili usidhani nimekasirika, hapana baba, ni swali nililojua ipo siku litatoka mdomoni kwako, ila lilipofika nikakuta sijajiandaa.

Uliandika hivi: "Baba samahani kwa kuuliza, hivi kule Mererani hakukua na mwelimisha rika wa kuwafundisha kama mi ninavyofundisha hapa kijiweni? Na kama alikuwepo, ilikuaje ukapata?"

Alikuwepo. Tena alikua ni mimi baba yako.

Hili sikuwahi kukwambia. Kwamba nina virusi vya ukimwi na natumia dawa unajua tangu uko form two, lakini hilo la pili nililiacha kwa sababu lilikua linaniuma, na saivi umevaa tisheti ya waelimisha rika hapo kijiweni kwenu kwa boda nikaona nikikaa nalo nakua nimekunyima kitu cha muhimu kuliko yote ya kwenye semina yenu.

Niliingia Mererani kuchimba tanzanite 1996 nikiwa na miaka ishirini na mbili. Baada ya miaka kama mitatu hivi kuna watu wa mradi walikuja, wakachagua vijana wachache wanaojua kuongea kutoka machimbo ya Bloku B na D, tukakaa semina siku nne tukapewa kofia na boksi la kondomu. Na mwanangu nilikua najua! Nilikua nakaa juu ya ndoo niliyoigeuza, nashika nyundo yangu ya kazi mpini ukiangalia juu, wanaapolo, yani wachimbaji wenzangu, wamenizunguka wametoka shimoni weusi tii wa vumbi la kinywe wanang'aa kama wamepakwa rangi, naanza, angalia tarehe, bonyeza pakiti usikie kama ina hewa, isukume pembeni ndo uchane na usichane kwa meno, bana ile ncha juu, kunjua mpaka chini. Nakumbuka nikimaliza ile kondomu pale kwenye mpini imejaa alama za vidole vyangu vyeusi, yani kila kidole kinaonekana. Watu wanacheka, wanauliza maswali, wanachukua pakiti mbili tatu wanaondoka.

Afu jioni natoka mimi mwenyewe.

Kulikua na dada mmoja alikua anapika chakula pale centa, tukawa tunaelewana. Wiki za mwanzo kondomu nilitumia, sikuruka hata siku. Afu tukazoeana, nikaacha viatu vyangu kwake, akawa ananifulia, na siku moja swali likatoka, "kwani huniamini?" Sikumbuki vizuri aliyeuliza ni yeye au mimi, na sitaki kumtupia mzigo mtu ambaye hayupo tena duniani ajitetee, wala siwezi kusema kwa uhakika nilipatia kwake, huenda nilikua nao kabla na mimi ndo nilimpa. Ninachojua ni kwamba siku ile kuvaa kondomu kulikua kumeshakua tusi. Kwenye semina walitufundisha jinsi ya kuivaa na mtu usiyemjua, hakuna aliyetufundisha jinsi ya kuendelea kuivaa na mtu unayempenda, au kwamba ukitaka kuivua mnaenda kwanza kupima wote wawili. Hapo ndo watu wengi wanapopatia mwanangu, kwa mtu wao.

Na kuna lingine ambalo mtu asiyewahi kuishi kule hawezi kulielewa haraka. Mwaka 1998 mvua ilinyesha maji yakaingia kwenye mashimo, wenzetu wengi wakafia chini. Niliokuwa nakula nao sahani moja. Sasa ukitoka kwenye msiba wa namna ile mtu anakuja anakwambia jihadhari na ugonjwa utakaokuua baada ya miaka kumi, unamwangalia unamuona kama anaongea habari za nchi nyingine. Miaka ile vijana walikua wanasema AIDS maana yake Acha Iniue Dogodogo Siachi, watu wanasema ni utani wa kijinga lakini mi niliusikia kwa vijana waliokua wanashuka futi mia kadhaa kwa kamba kila siku bila kujua kama watapanda, kwao haikua utani. Leo nikiona dogo wa boda anapita kati ya malori mawili pale Kisongo bila helmeti namkumbuka mimi. Huyo ukimtisha kwa kifo humpati.

Na kupima je? Wakati ule kupima ni kwenda kuchukua hukumu. Dawa za kufubaza virusi zilikuwepo kwa wenye hela, serikali ilianza kuzitoa bure mwishoni mwa 2004, kabla ya hapo ukiambiwa unao unarudi nyumbani kusubiri. Kwa hiyo mimi mwelimisha rika mzima niliwaambia watu mia moja wakapime, na mwenyewe sikupima.

2001 nikarudi Moshi, nikamuoa mama yako, 2003 ukazaliwa wewe. 2005 nikatoka mkanda wa jeshi, mgongo mzima mpaka huku ubavuni, nikakonda suruali zote zikawa za mtu mwingine. Nilijua ni nini. Nilikua najua dalili zote kwa kichwa, nimezifundisha, na nililala ndani wiki tatu naangalia ukuta.

Aliyeniokoa ni yule rafiki yangu uliyekua unamwita baba mkubwa, dereva wa hiace za Arusha. Hakuwahi kukaa semina hata moja. Alikuja jioni akakaa kwenye kigoda, hakunihubiria, hakuniuliza nilifanya nini na nani, alisema tu "kesho saa moja nakuja kukuchukua, uwe umevaa." Na akaja. Gari akamuachia mtu siku nzima, yani siku ya hesabu ya tajiri kaipoteza, akakaa na mimi kwenye benchi la hospitali, akaninunulia uji wa kikombe cha plastiki ambao sikuumaliza, nilivyoitwa ndani akasema nipo hapa. Nilivyotoka alikua yupo pale pale na kile kikombe mkononi. Mama yako naye akapima wiki ileile, wewe una miaka miwili umemlalia begani, akatoka hana. Akarudia baada ya miezi mitatu, hana, mpaka leo hana. Na mdogo wako kazaliwa 2012 mzima kabisa, mi nikiwa kwenye dawa na daktari anajua. Mtu anayemeza dawa vizuri mpaka virusi havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana, hili liseme kwa sauti kijiweni kwako kwa sababu watu bado hawaamini.

Kwa hiyo ukiniuliza ilikuaje nikapata wakati mwelimisha rika alikuwepo, jibu langu ni kwamba elimu tulikua nayo ila mtu wa kunisindikiza sikua naye, na mimi sikumsindikiza yeyote, nilikua nagawa pakiti nageuza ndoo naondoka.

Usidhani ni mimi tu. Nilipoanza kusaidia kliniki hapa kama WAVIU mshauri, yani mtu anayeishi na virusi anayeshauri wenzake, kuna mkufunzi alitusimulia utafiti wa Mwanza ulioitwa MEMA kwa Vijana, ulianza 1998 kwenye jamii ishirini vijijini, nusu wakapewa elimu, walimu wakafundishwa, wanafunzi wa darasa la tano mpaka la saba wakawa waelimisha rika kwa wenzao, wahudumu wa zahanati wakafundishwa kupokea vijana vizuri, kondomu zikapelekwa. Baada ya miaka mitatu wakapima, na wakaja kupima tena 2007 na 2008. Vijana walijua mengi zaidi kuliko wa jamii zile nyingine, hilo lilionekana wazi. Lakini maambukizi hayakupungua kuwazidi wengine, na mimba vilevile. Mkufunzi alivyosema hivyo chumba kizima kilikaa kimya, mi nikaona ile nyundo yangu. Maana binti anarudi nyumbani na elimu yake kichwani, anakuta hana hela ya pedi na yupo mwanaume mtu mzima anayo. Elimu ile inasimama wapi hapo?

Sasa usije ukaacha kwa sababu ya haya niliyokwambia, sijaandika ili uache. Wewe una vitu ambavyo mi sikua navyo. Saivi dogo wa miaka kumi na tano anapima kwa ridhaa yake bila kuja na mzazi, sheria ilibadilishwa 2019, na kuna vipimo vya kujipima mwenyewe, na akikutwa nao anaanza dawa hapohapo hasubiri kuchoka. Na yule aliyepasukiwa na kondomu, au binti aliyebakwa, kuna dawa za kuzuia, ila ni ndani ya saa sabini na mbili, na ukiwahi ndo bora zaidi, anameza siku ishirini na nane. Saa sabini na mbili mwanangu! Mtu akikupigia Jumamosi usiku usimwambie Jumatatu nitauliza. Washa pikipiki.

Ningekua wewe ningeanza na lifti. Unajua ninachosema. Binti wa sekondari ametembea kutoka huko juu jua linawaka, boda anampakia bure leo, bure kesho, ya tatu anamnunulia chipsi, ya nne anadai. Wenzako hapo Kwa Mrombo wanaona ni mapenzi. Waambie chini ya miaka kumi na nane sheria inaita kubaka hata kama binti amekubali, iko hivyo tangu 1998, na ukimpa mwanafunzi mimba ni miaka thelathini jela. Lakini usiishie kwenye jela, maana wenye roho ya shimoni jela hawaiogopi. Waulize wana dada nyumbani wa umri gani. Na wewe ukiona mwenzako anafanya, mwite pembeni umwambie, ukinyamaza hiyo tisheti uivue.

Lingine, Pasaka nilivyokuja nilikuta boksi la kondomu umeliweka chini ya siti ya pikipiki. Nilinyamaza kwa sababu mama yako alikuwepo. Pale kuna joto la injini na jua la mchana kutwa, zile zimeharibika hata kama tarehe bado, zitupe zote uchukue nyingine uziweke ndani kivulini. Na waambie wasipake mafuta ya mgando, yanaila ile mpira inapasuka.

Kisonono nitasema kidogo tu maana najua kipo: wasinunue vidonge viwili dukani wakameza kimyakimya. Mwanaume anaona usaha anakimbilia dawa, mwenzake mwanamke mara nyingi hana dalili yoyote, anakaa nao mpaka unamharibu kizazi. Wanatibiwa wote wawili au hakuna aliyetibiwa.

Na kuna siku utaulizwa kitu hujui. Mi nilikua nabuni, naona aibu kusema sijui mbele ya watu waliokaa wananisikiliza, na kuna majibu niliyotoa ambayo mpaka leo yananinyima usingizi, kuna kijana alipima wiki moja tu baada ya tukio, hana, nikamwambia basi uko salama, sikujua kwamba anatakiwa arudie baada ya miezi mitatu. Sema sijui, twende tukamuulize nesi. Neno kubwa hapo ni twende. Na ulichokiona kule kliniki kikae kwako, kijiwe hakina mlango mwanangu, neno likitoka saa tatu saa sita limefika stendi.

Mwaka jana nilimpeleka kijana mmoja wa rika lako, sitamtaja. Tulifika mapema tukakaa kama masaa mawili, mguu wake ulikua unatikisika benchi zima linatikisika na mimi, sikumwambia asiogope, nilimuuliza habari za Simba na Yanga. Alivyotoka hakuniambia majibu na sikuuliza. Tulienda tukanywa chai na chapati, alikula chapati tatu.

Sasa na mimi nikuulize, na usinijibu kwa meseji. Wewe mwenyewe umepima lini mara ya mwisho? Na huyo binti uliyemtaja mara mbili kwenye simu ya wiki iliyopita, mmeshaenda wote?

Jumatatu nakuja Arusha, namletea shangazi yako ndizi. Nitapanda gari ya kwanza, saa mbili na nusu nitakua stendi. Njoo unichukue na pikipiki, tutapita pale kituo cha afya karibu na kwako kabla sijaenda kwa shangazi. Wewe utaingia, mi nitakaa kwenye benchi.

Baba yako.