Usiende kutazama ploti na macho yako peke yake

Mimi mtu wa Mombasa. Kwetu mtu akienda kuangalia pa kujenga, kwanza husimama akausikia upepo: kusi itaingilia wapi, kaskazi itatokea wapi. Agosti moja broka akanipeleka Kitengela, kusini mwa Nairobi, kwenye ploti ya futi 50 kwa 100. Upepo kifuani, uwanda wazi mpaka macho yachoke, Ngong kule magharibi. Nikasema hapa ndipo.

Jumapili nikarudi na mama mkwe, mzaliwa wa Murang'a. Milima hata hakuitupia jicho. Aliinama akaokota bonge la udongo, akauliza: "Maji ya mvua huenda wapi?" Kwao shamba ni mteremko, tambarare ile ilimtia wasiwasi. Na udongo wenyewe ulikuwa mweusi, ule wa pamba. Kiangazi hupasuka, masika hufura ukainua sakafu. Fundi alithibitisha baadaye kwamba lazima uchimbwe wote kabla ya kuweka msingi, na hiyo ni pesa. Broka hakulitaja. Mimi nami nisingeuliza, niliyekulia juu ya mchanga na matumbawe.

Karibu pale mzee wa Kimaasai alikuwa akichunga. Nilimwamkia, nikamwonyesha ploti yangu. Yeye aliona njia. Wakati wa mvua nyumbu na punda milia hutoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi, wakavuka mto Mbagathi kuelekea nyanda za Athi na Kapiti. "Kijana wangu," akaniambia, "punda milia akipita, simba yuko nyuma."

Hata jina Nairobi latokana na Kimaasai, maji baridi: mfugaji aliona pa kunyweshea. Wajenzi wa reli, 1899, wakaona tambarare ya kuwekea karakana kabla ya kupanda milimani. Sisi wapwani tukilisikia hukumbuka Julai tu.

Basi nenda na mkulima, nenda na mfugaji, na fundi ukimpata. Ila usiwaulize "mnaonaje?" Watakujibu pazuri, kwa adabu. Uliza: masika hapa panakuwaje? Kisha nyamaza.

Mwishowe nilinunua upande wa Kikuyu, kwenye udongo mwekundu. Madirisha nikayaelekeza kusini, nani angenizuia? Mama mkwe akija Julai huja na sweta mbili.