Jibu: Je, klabu ya redio ya ridhaa huisaidia jamii?

Ndugu mwuliza swali, umetaka kujua iwapo wanachama wa klabu hizi, yaani watu wenye leseni ya kuwasiliana kwa redio zao wenyewe kama burudani wala si biashara, hufanya lolote zaidi ya kupiga soga hewani. Nitajibu kwa mfano wa Marekani, ambako kazi hiyo imepangwa vizuri zaidi.

Kila wikiendi kamili ya nne ya mwezi Juni, klabu nyingi huhamishia mitambo yao uwanjani, hutundika antena mitini au kwenye nguzo za muda, huwasha jenereta au betri za sola, kisha hujaribu kwa muda wa saa 24 kuwasiliana na vituo vingi vya wenzao kadiri iwezekanavyo. Zoezi hilo, lililoanza mwaka 1933, huonekana kama mchezo (na kwa kweli alama huhesabiwa), lakini ndilo linalowazoesha kufanya kazi bila umeme wa gridi wala minara ya simu.

Faida yake ilionekana mwaka 2017, kimbunga Maria kilipovuruga umeme na simu kisiwani Puerto Rico, ambapo waendeshaji 22 wa kujitolea walipelekwa kulisaidia Shirika la Msalaba Mwekundu kupeleka taarifa za manusura.

Siku za kawaida wao husimamia mawasiliano ya mbio za marathoni, huripoti dhoruba kwa idara ya hali ya hewa na hufundisha wanaojiandaa kwa mtihani wa leseni. Malipo hawapokei, kwa kuwa sheria inakataza jambo hilo.